Uwiano, mwendokasi na milinganyo: maswali ninayoulizwa kila msimu wa mitihani

Jioni huwa nafundisha hisabati barazani kwetu, watoto wa darasa la saba na wa vidato vya mwanzo. Ubao ni mmoja, mkeka ni mmoja, na maswali ni yaleyale mwaka hadi mwaka. Nimeyaandika hapa kwa mpangilio ambao huwa yananijia, si mpangilio wa kitabu. Wanaokosa hesabu hizi mara nyingi kuzidisha wanajua na kugawanya wanajua. Wanachokosa ni kusema: hawajasema x ni nini, hawajasema ni kwa saa au kwa dakika, wameanza kukokotoa kabla ya kuelewa wanatafuta nini.

Kwa nini hesabu ziwe na herufi?

Ulishafanya aljebra darasa la pili bila kuambiwa. Ile hesabu ya 7 + ▢ = 12, ukajaza 5 kwenye kisanduku, ni mlinganyo kamili. Herufi ni kisanduku kilichopewa jina, ili uweze kuwa na visanduku viwili tofauti katika swali moja, au kisanduku kilekile kikajitokeza mara tatu bila kukuchanganya.

Jambo la kushika hapa ni kwamba herufi inasimama badala ya namba, haisimami badala ya kitu. Mwanafunzi akiandika "m = maembe" ameshapotea, maana m haiwezi kuwa maembe. Inaweza kuwa bei ya embe moja, inaweza kuwa idadi ya maembe, inaweza kuwa uzito wake, na hayo ni mambo matatu tofauti. Kwa hiyo mstari wa kwanza wa kila hesabu uwe sentensi nzima: "Tuseme m ni bei ya embe moja, kwa shilingi." Ukiandika hivyo, 3m inajieleza yenyewe kuwa ni bei ya maembe matatu.

Neno "aljebra" limetoka wapi?

Limetoka kwenye Kiarabu, al-jabr, kurudisha mahali pake au kuunga kilichovunjika, kama mfupa. Lilikuwa kwenye jina la kitabu cha Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, mtaalamu aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9. Hata "hisabati" na "sifuri" tumevipata kwenye lugha hiyohiyo.

Ninachopenda kuwaambia wanafunzi wangu kuhusu kitabu hicho ni kwamba hakina x hata moja. Milinganyo yote imeandikwa kwa maneno. Basi ukishindwa kuandika mlinganyo, usione aibu kuanza kwa kuusema: "Kitu fulani mara tatu, ukiongeza saba, unapata ishirini na mbili." Ukishausema hivyo, kuandika 3x + 7 = 22 ni kufupisha tu.

Uwiano wa 1:2:4 maana yake nini hasa?

Nenda mahali wanapomwaga zege. Kipimo cha kawaida ni 1:2:4, yaani ndoo moja ya saruji, ndoo mbili za mchanga, ndoo nne za kokoto. Uwiano haukuambii umetumia kiasi gani. Unakuambia vitu hivi vinafuatana vipi. Ukitia ndoo 3 za saruji, mchanga utakuwa ndoo 6 na kokoto ndoo 12.

Swali la mtihani huwa linageuza: "Jumla ya ndoo zilizotumika ni 35. Saruji ni ndoo ngapi?" Jumlisha sehemu zote kwanza: 1 + 2 + 4 = 7. Sehemu moja ni 35 ÷ 7 = 5. Saruji ni ndoo 5, mchanga 10, kokoto 20. Ukijumlisha unarudi kwenye 35, basi uko salama.

Kosa ninaloliona zaidi hapa ni kusema saruji ni nusu. Ni nusu ya nini? Ni nusu ya mchanga, kweli, lakini ni sehemu moja ya saba tu ya mchanganyiko wote. Kila ukitamka "nusu" au "robo", malizia na "ya".

Mambo mawili madogo. Mpangilio una maana, kwa hiyo 1:2 si sawa na 2:1, na fundi akikosea hapo nyumba itamwambia. Pia vipimo viwe vya aina moja kabla ya kurahisisha: sentimita 50 kwa mita 2 si 50:2, ni 50:200, yaani 1:4. (Na kama umewahi kushika koleo unajua kuwa ndoo saba kavu hazitoi ndoo saba za zege, kwa sababu mchanga na saruji vinajaza nafasi zilizo kati ya kokoto. Uwiano unahesabu unachoingiza, hauhesabu kinachotoka.)

Nitajuaje kama ni uwiano sawa au uwiano kinyume?

Jiulize kwa sauti: nikiongeza hiki mara mbili, kile kitafanyaje?

Kilo 2 za sukari ni shilingi 6,400. Nikichukua kilo mara mbili, nalipa mara mbili. Huo ni uwiano sawa: viwili hivyo vinapanda pamoja na kushuka pamoja. Kilo moja ni 3,200, kilo 5 ni 16,000.

Mafundi 6 wanajenga ukuta kwa siku 10. Nikiongeza mafundi mara mbili, siku zinapungua hadi nusu. Huo ni uwiano kinyume. Hapa kisichobadilika si bei ya kimoja, ni ukubwa wa kazi yenyewe. Mafundi 6 mara siku 10 ni siku 60 za kazi ya mtu mmoja. Wakibaki mafundi 4, wanagawana kazi hiyohiyo: 60 ÷ 4 = siku 15. Kumbuka kipi kinabaki palepale na hutahitaji kukariri kanuni mbili. Kwenye uwiano sawa, ukigawanya kimoja kwa kingine unapata namba ileile kila mara. Kwenye uwiano kinyume, ukizidisha unapata namba ileile.

Ipo pia aina ya tatu, na nasikitika vitabu vingi vinaipita kimya. Nguo 3 zimeanikwa juani zikakauka kwa saa 2. Nguo 6 zitakauka kwa saa ngapi? Nimewahi kuandika swali hili ubaoni na nusu ya wanafunzi wakajibu saa 4. Kamba ni ndefu, jua ni lilelile, jibu ni saa 2. Si kila namba mbili zilizokaa jirani zina uwiano. Hata ule ukuta: kwa hesabu, mafundi 60 wangeumaliza kwa siku moja, lakini mahali penyewe wangekanyagana. Swali linaposema "kwa kasi ileile" linakuomba ukubali kwamba kila mmoja anafanya kazi sawa na mwenzake bila kumzuia.

Kuzidisha kimshazari kunafanya kazi kwa nini?

Chukua 2/6,400 = 5/y. Wengi wanajua kuzidisha juu ya huku na chini ya kule: 2y = 5 × 6,400, y = 16,000. Siri yake ni kwamba umezidisha pande zote mbili kwa 6,400 na kwa y, ili asili zote, yaani namba za chini, ziondoke. Hakuna zaidi ya hapo.

Mimi binafsi naanza na njia ya kutafuta bei ya kimoja, yaani kilo moja ni ngapi kisha kilo tano ni ngapi, kwa sababu kila mstari una maana unayoweza kumweleza muuza duka. Kimshazari ni haraka zaidi, lakini ukipanga namba vibaya hakikuonyi. Ukikitumia, hakikisha juu pote ni kilo na chini pote ni shilingi.

Saa 2 na dakika 30 ni 2.30?

Hapana, na swali hili naliomba ulisome taratibu, kwa sababu linawaangusha hata watoto hodari.

Basi limeondoka saa 2:45 asubuhi, likafika saa 5:15, baada ya kwenda kilomita 150. Tafuta mwendokasi. Nina daftari la binti mmoja ambalo nililiazima kwa siku moja, nikanakili ukurasa huo kama ulivyo. Mstari wa kwanza: 5.15 − 2.45 = 2.70. Ameufuta kwa kifutio mpaka karatasi ikatoboka. Mstari wa pili: saa 2 dakika 30 = 2.30. Mstari wa tatu: 150 ÷ 2.30 = 65.2. Kila alichokokotoa amekikokotoa sawasawa. Alichosahau ni kwamba saa moja ina dakika 60, wala si 100, kwa hiyo ile nukta ya saa si nukta ya desimali.

Dakika 30 ni 30/60, yaani 0.5. Muda ni saa 2.5. Mwendokasi ni 150 ÷ 2.5 = kilomita 60 kwa saa.

Kiswahili kinakusaidia hapa ukikiachia. Sema "saa mbili na nusu", usiseme "saa mbili na dakika thelathini". Ukishatamka nusu, mkono wenyewe unaandika 2.5. Vivyo hivyo saa moja na robo ni 1.25, na saa nne kasoro robo ni 3.75. Dakika ambazo hazina jina zipeleke juu ya 60: dakika 20 ni 20/60, theluthi moja, na ni bora uiache hivyo kuliko kuandika 0.33.

Na saa za Kiswahili zinaharibu hesabu?

Haziharibu mradi usizichanganye. Saa 2:45 asubuhi kwenye tiketi inaandikwa 08:45, na saa 5:15 inaandikwa 11:15. Tofauti ni saa mbili na nusu kote kuwili. Kosa linakuja pale mtu anapochukua muda wa kuondoka kwenye tiketi na muda wa kufika kwenye saa yake ya Kiswahili. Na safari ikivuka saa 12, ongeza 12: kutoka saa 11 jioni hadi saa 2 usiku ni 14 − 11, saa 3.

Nimekwenda kwa 60 nikarudi kwa 40. Wastani si 50?

Ni 48. Tuseme njia ni kilomita 120. Kwenda saa 2, kurudi saa 3. Umekwenda kilomita 240 kwa saa 5, na 240 ÷ 5 = 48. Umetumia muda mrefu zaidi kwenye mwendo wa polepole, ndiyo maana wastani umevutwa chini. Ubadilishe umbali uwe wowote, utapata 48 ileile.

Bomba moja linajaza tanki kwa saa 3, jingine kwa saa 6. Yakifunguliwa pamoja?

Usijumlishe saa. Jibu la saa 9 lina maana kwamba kuongeza bomba la pili kumechelewesha maji, jambo ambalo hakuna mama yeyote kwenye foleni ya maji angelikubali. Jumlisha kazi inayofanyika kwa saa moja: 1/3 ya tanki na 1/6 ya tanki, jumla nusu tanki. Nusu kwa saa moja, tanki zima kwa saa 2. Kama kuna tundu linalovuja, toa kiasi linachomwaga kwa saa.

Kwa nini namba ikihama upande inabadilisha ishara?

Haihami. Naomba tuache kusema inahama, kwa sababu msemo huo ndio mama wa makosa mengi. Mwanafunzi aliyekariri "ikihama inabadilika" anafika kwenye 3x = 15 na kuandika x = 15 − 3. Kwake yeye 3 imehama, ishara imebadilika, kazi imekwisha.

Fikiria mizani ya dukani, ya sahani mbili na mawe yake. Kulia kuna gramu 22. Kushoto kuna vifurushi vitatu vilivyofungwa, vyote uzito mmoja, pamoja na jiwe la gramu 7. Mizani imetulia. Ukiondoa gramu 7 kushoto, lazima uondoe gramu 7 kulia, la sivyo inalala upande mmoja:

3x + 7 = 22
3x + 7 − 7 = 22 − 7
3x = 15

Sasa vifurushi vitatu vina gramu 15. Kimoja? Unagawa kwa tatu pande zote: x = 5. Hakuna kilichohama, kila hatua umefanya jambo moja kwa sahani zote mbili. Ukitaka kuondoa kilichojumlishwa, toa. Ukitaka kuondoa kilichozidishwa, gawanya. Wiki mbili za kwanza andika ule mstari wa katikati, hata kama unaona unapoteza wino.

x ikiwa pande zote mbili, utaratibu ni huohuo. 5x − 4 = 2x + 11. Ondoa 2x kila upande: 3x − 4 = 11. Ongeza 4 kila upande: 3x = 15, x = 5. Rudisha mwanzoni: 25 − 4 = 21, na 10 + 11 = 21. Mizani imetulia.

Kukiwa na sehemu, ziondoe mapema. x/3 + x/4 = 14: zidisha kila kitu kwa 12, upate 4x + 3x = 168, x = 24. "Kila kitu" maana yake na ile 14 pia, ambayo husahaulika kuliko zote.

Alama ya = si inamaanisha "jibu ni"?

Hapo ndipo mizani inapovunjika. Utaona daftari limeandikwa 3 + 5 = 8 × 2 = 16. Mwandishi alikusudia "tatu na tano ni nane, kisha mara mbili ni kumi na sita", lakini alichoandika kinasema 3 + 5 ni sawa na 16. Robert Recorde wa Wales ndiye aliyeichapisha alama hiyo mwaka 1557, na alichagua mistari miwili sambamba kwa sababu, alieleza, hakuna vitu viwili vinavyoweza kulingana kuliko hivyo. Alama hiyo inasema "huku na huku ni sawa". Mstari mmoja, = moja.

MAGAZIJUTO inatumikaje kwenye milinganyo?

Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Ni msaada mzuri, ila una mtego mmoja. 10 − 3 + 2 ni ngapi? Aliyeishika MAGAZIJUTO kwa nguvu anajumlisha kwanza, 3 + 2 = 5, kisha anatoa, anapata 5. Jibu ni 9. Kujumlisha na kutoa ni ndugu wa rika moja, unakwenda nao kutoka kushoto kwenda kulia, au uione ile 3 kuwa imeshika alama yake ya kutoa mkononi na haiachii.

Unapotafuta x unakwenda kinyumenyume: mwenye mlinganyo alizidisha kisha akajumlisha, wewe unatoa kisha unagawanya. Ni kama kuvua, unaanza na viatu ulivyovaa mwisho, kisha soksi.

Kwenye mabano, kilicho nje kinamhusu kila aliye ndani. 2(x − 3) ni 2x − 6, si 2x − 3. Na −(x − 4) ni −x + 4.

Nikisoma fumbo naelewa, nikianza kuandika nachanganyikiwa. Nifanyeje?

Hili ndilo swali lenyewe, mengine yote ni matawi yake.

"Umri wa Asha ni mara mbili ya umri wa Juma." Wengi wanaandika 2A = J, kwa sababu wanafuata mpangilio wa maneno: Asha, mbili, Juma. Ujaribu kwa namba. Juma akiwa na miaka 6, Asha ana 12. Je, 2 × 12 = 6? Hapana. Ni A = 2J. Mdogo ndiye anayezidishwa ili amfikie mkubwa. Jaribio hilo linachukua nusu dakika, na mimi mwenyewe hadi leo nalifanya.

Angalia pia kutoa. "Namba ikipunguzwa 5" ni n − 5. "5 pungufu ya namba" nayo ni n − 5, ingawa 5 imetajwa mwanzo. "Toa namba kutoka 5" ni 5 − n. Kuhusu "mara tatu zaidi", kuna anayemaanisha 3n na kuna anayemaanisha 4n. Walimu wenzangu, nawasihi msiliandike kwenye mtihani; andikeni "mara tatu ya".

Mfano mmoja hadi mwisho. Mama ana miaka 38, mwanawe ana 10. Baada ya miaka mingapi umri wa mama utakuwa mara mbili ya wa mwanawe?

Tuseme t ni idadi ya miaka itakayopita. Wakati huo mama atakuwa na 38 + t. Mtoto naye atakuwa na 10 + t, kwa sababu miaka haipiti kwa mama peke yake. Sasa sema: umri wa mama wakati huo ni mara mbili ya umri wa mtoto wakati huo. 38 + t = 2(10 + t), yaani 38 + t = 20 + 2t, na t = 18. Mama 56, mwana 28. Imekaa.

Kubahatisha jibu ni dhambi?

Kubahatisha na kuacha hapo, ndiyo. Lakini kukisia kwa mpango ni njia ya zamani sana. Mwandishi wa Kimisri aitwaye Ahmes, mnamo mwaka 1550 KK, alinakili kwenye karatasi ya mafunjo ambayo sasa iko London swali hili: kiasi fulani pamoja na sehemu yake ya saba ni 19. Alikisia 7, kwa sababu sehemu yake ya saba ni rahisi: 7 + 1 = 8. Tunataka 19, tumepata 8. Basi zidisha kisio kwa 19/8, upate 133/8, yaani 16 na 5/8. Ukizidisha kisio, jumla nayo inazidishwa vilevile.

Njia hii inafaa tu pale ambapo kila kitu kinakua pamoja. Kukiwa na kitu kisichobadilika pembeni, inadanganya, kama swali linalofuata linavyoonyesha.

Nauli ya bodaboda ni uwiano au ni mlinganyo?

Inategemea kama kuna pesa ya kuanzia. Tuseme dereva mmoja anatoza 1,000 ya kuanzia na 500 kwa kila kilomita, mwingine anatoza 700 kwa kilomita bila ya kuanzia. Wa pili ni uwiano sawa: njia mara mbili, nauli mara mbili. Wa kwanza sivyo: kilomita 4 ni 3,000, kilomita 8 ni 5,000, wala si 6,000. Ile 1,000 inalipwa mara moja tu.

Wapi wanalingana? 1,000 + 500k = 700k, kwa hiyo 200k = 1,000, k = 5. Kwenye kilomita 5 wote ni 3,500. Chini ya hapo panda kwa wa pili, juu ya hapo wa kwanza ni nafuu. Ukichora grafu, yote ni mistari iliyonyooka. 500 na 700 ndiyo miteremko yake, yaani nauli inavyopanda kwa kila kilomita, na 1,000 ni mahali mstari wa kwanza unapoanzia kwenye mhimili wa nauli. Mistari inakatana kwenye kilomita 5.

Hesabu hizi zina kazi gani nje ya darasa?

Nauli na zege umeshaviona. Lakini tangu mwanzo aljebra ilikuwa na kazi nzito nyumbani: sehemu kubwa ya kile kitabu cha al-Khwarizmi inahusu wasia na mirathi. Chukua mfano ambao familia nyingi za pwani wanaujua. Mtu amefariki, madeni na wasia vimeshatolewa, zimebaki shilingi milioni 24. Ameacha mke, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu. Kwa sheria ya Kiislamu mke mwenye watoto anapata thumuni, yaani 1/8, na kinachobaki wanagawana watoto, kila wa kiume akipata mara mbili ya wa kike.

Tuseme x ni fungu la binti mmoja, kwa milioni. Mabinti watatu ni 3x. Wavulana wawili, kila mmoja 2x, ni 4x. Mke ni 24 ÷ 8 = 3. Kwa hiyo 7x + 3 = 24, 7x = 21, x = 3. Kila binti milioni 3, kila mvulana milioni 6, mama yao milioni 3. Jumlisha: 9 + 12 + 3 = 24, hakuna kilichopotea. Mirathi ya kweli huwa na warithi zaidi na masharti zaidi, na hayo mpelekee kadhi, lakini mtoto aliyeweza kuandika mstari ule anaweza kukaa kwenye kikao cha familia na kufuata kinachosemwa.

Jibu langu limetoka sehemu, au hasi. Nimekosea?

Si lazima. Siku 7 na nusu ni jibu zuri. Watu 7 na nusu si jibu. Hasi inaweza kumaanisha "miaka mitatu iliyopita" badala ya ijayo. Lirudishe jibu kwenye maneno ya swali, lenyewe litakuambia. Na ukifika kwenye kitu kama 0 = 5 na hujakosea njiani, mlinganyo huo hauna jibu; ukifika kwenye 0 = 0, kila namba inafaa.

Mwanangu alikuwa hodari shule ya msingi, ameingia kidato cha kwanza amezorota. Kwa nini?

Wazazi wa hapa Tanzania wananiuliza hili kila Januari. Mara nyingi hesabu hazijamshinda. Lugha ya kufundishia imebadilika, kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, na mafumbo yanategemea lugha kuliko hesabu yoyote nyingine. Mpe mwaka mmoja wa kufanya hivi: asome swali kwa lugha liliyoandikwa, afunge kitabu, akusimulie kwa Kiswahili nini kinajulikana na nini kinatafutwa, kisha ndiyo aandike. Si lazima wewe ujue hesabu. Kazi yako ni kumuuliza "x ni nini?" na kutokubali jibu la "x ni x".

Naomba maswali machache ya kujipima.

Pishi moja ni vibaba 4. Familia inapika vibaba 6 kwa siku, pishi 30 za mchele zitawatosha siku ngapi? Watu 5 wanachimba kisima kwa siku 12, wakiwa 8? Gari linakwenda kilomita 80 kwa saa, limetoka saa 3:20 asubuhi na kufika saa 7:05 mchana. Limekwenda umbali gani? Namba mbili jumla yake ni 50, kubwa imezidi ndogo kwa 8; ni zipi? Na 4(x − 2) = x + 13.

Fanya kwanza, kisha linganisha: siku 20; siku 7 na nusu; kilomita 300, ukikumbuka kuwa muda ni saa nne kasoro robo; 21 na 29; x = 7.